Moteri Hupimwa Ikiwa na Mzigo

Wengi mmetuuliza kwa nini Land Rover ya kanisa haijarudi barabarani, na moteri yake mnaisikia ikilia nyuma ya nyumba ya mchungaji tangu wiki mbili. Ninyi ndio mliochanga pesa ya vipande, basi ni haki yenu kujibiwa.

Mnakumbuka mwaka jana. Tuliifungua moteri hiyohiyo, tukatia segma mpya, tukaiwasha hapo uani, ikalia vizuri saa nzima. Tukashangilia, mzee wetu akaomba sala ndefu ya shukrani. Kesho yake tukampakia mama mwenye uchungu wa kuzaa, aliyetumwa kutoka Uvira apelekwe Bukavu. Pale Ngomo, katikati ya mlima, maji yakachemka, moshi wa buluu ukajaa nyuma, nguvu ikaisha. Mama yule alikaa kando ya barabara saa tatu nzima mpaka lori likamchukua. Alijifungua salama, tunamshukuru Mungu. Lakini kosa lilikuwa letu, si la gari.

Tuliipima bure, bila mzigo. Moteri isiyovuta kitu inakunywa esanse kidogo na kutoa joto kidogo, kwa hiyo radiateri mbovu haijulikani. Tena zile segma, pete za chuma zinazozunguka pistoni, husukumwa kwenye ukuta wa silinda na nguvu ya moto ulio juu yao. Moto ukiwa mdogo, hazikai vizuri. Ukuta unalainika na kung'aa kama kioo, na mafuta yanapita yakiungua. Ndiyo maana kuiacha moteri mpya ikinguruma polepole mchana kutwa ni kuiharibu. (Wakristo wa namna hiyo tunawajua, ila leo tunasema habari za gari.)

Safari hii tulifanya breki ya kupimia, ile aliyoibuni Mfaransa Prony mwaka 1821. Moteri tuliifunga kwa bulo kwenye vyuma vilivyozikwa katika beto. Nyuma yake tukatia tamburi ya lori, tukaibana kwa vipande viwili vya mti mgumu. Kutoka hapo unatoka mkono wa metre moja, na ncha yake inakandamiza mizani ya kupimia mihogo. Tulitoa kwanza uzito wa mkono wenyewe. Ukikaza bulo, moteri inalemewa, unaiongezea esanse, na mizani inasema. Kilo 10 kwa mizunguko 1,500 kwa dakika ni karibu nguvu za farasi 21. Si nguvu yake yote, lakini ni mzigo wa kweli.

Nguvu hiyo yote inageuka joto ndani ya tamburi. Vijana walimwaga maji bila kupumzika, na mti ulitoa moshi hata hivyo. Watoto tuliwafukuza mbali, na mama wote wenye vitenge pia, maana kitu kinachozunguka hivyo hakina huruma.

Hatukuanza na kilo 10. Tulianza na 3, tukapandisha, tukashusha, tukapandisha tena. Alhamisi, baada ya dakika ishirini kwenye kilo 10, mapovu yakatokea katika radiateri. Tukazima. Joenti ya kulasi inapitisha hewa karibu na silinda ya tatu. Bila mzigo mapovu hayo hayaonekani kabisa; tulijaribu.

Kuna waliosema: tuendeshe tu polepole, Jumapili kuna ubatizo mtoni. Tumekataa. Watu watatembea.

Jumamosi tunafungua kulasi, tunaisawazisha, tunatia joenti mpya, kisha breki tena, nusu saa kwenye kilo 10. Tunaanza saa moja asubuhi. Tunahitaji vijana wanne wa kumwaga maji, na mwenye ndoo aje nayo.