Nyumba za Kifungo Turkana Zilindwe kwa Sheria

Hotuba kwa waumini na wanamageuzi, Kerio



Mwanasiasa anapokuja kwetu akatangaza kwamba majengo ya kihistoria ya Turkana yahifadhiwe, tunampigia makofi, na anastahili. Lakini tumwulize papo hapo: yahifadhiwe ili yaseme nini, na kwa sheria ipi?

Tunanena juu ya gereza la Lokitaung na nyumba ya Lodwar. Mzee Jomo Kenyatta na wenzake walihukumiwa Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953, kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, akaletwa Lokitaung. Mkoloni hakuichagua Turkana kwa bahati nasibu. Ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mtu wa nje hakuingia bila kibali. Kifungo kilipokwisha mwaka wa 1959, Kenyatta hakuachiliwa. Alihamishiwa Lodwar, akalazimishwa kukaa huko kwa amri ya serikali hadi alipopelekwa Maralal mwaka wa 1961.

Wako wanaotaka nyumba ile iwe hekalu la mtu mmoja. Sisi hatukubali. Achieng Oneko alihukumiwa pamoja na Kenyatta. Rufaa yake ilifaulu mwaka wa 1954, lakini mkoloni aliendelea kumzuilia. Mwaka wa 1969, serikali ya Kenyatta huyo huyo ilimweka kizuizini bila mashtaka, asitoke hadi mwaka wa 1975. Oginga Odinga, aliyethubutu mwaka wa 1958 kuwatetea wafungwa hao ndani ya Baraza la Kutunga Sheria, naye alizuiliwa mwaka huo wa 1969. Kisha Julai 1990 ikawa zamu ya Kenneth Matiba na Charles Rubia, kwa kudai vyama vingi. Mkoloni aliondoka, funguo zikabaki. Mwongozaji wa wageni asiyeyataja hayo atakuwa amesimulia nusu ya habari.

Neno la kiongozi pekee halizuii ukuta kubomolewa. Mkumbukeni Joseph Murumbi. Viongozi walipokamatwa mwaka wa 1952, yeye alibaki akiendesha chama cha KAU na kusaidia kutafuta mawakili wa kesi ya Kapenguria. Mwaka wa 1966 akawa Makamu wa Rais, akaondoka serikalini mwaka huo huo. Aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya vitabu na sanaa za Afrika. Alipoiuzia serikali hazina hiyo katika miaka ya 1970, alitarajia nyumba yake ya Muthaiga igeuzwe kituo cha elimu ya Afrika. Kituo hakikujengwa na nyumba ilibomolewa. Vitabu vyake tunavyo katika Nyaraka za Taifa mjini Nairobi, nyumba hatuna. Ikiwa hayo yalimpata aliyekuwa Makamu wa Rais, ahadi ya mgombea wa wadi itauzuia ukuta gani?

Tunawasikia wanaouliza: sisi wafugaji, ambao mama zetu hujenga akai na kuihama malisho yakiisha, tuna haja gani na mawe ya Mzungu, nao ukame umetumaliza mifugo? Swali hilo ni la haki, na hatutaki shilingi ya maji au ya chakula iguswe. Hatuombi marumaru. Paa lisilovuja, mlinzi anayelipwa, na maandishi ya Kiturkana na Kiswahili yanatosha. Kapenguria walifungua makumbusho katika gereza lenyewe mwaka wa 1993, wala hawakuhitaji kasri.

Sheria ipo. Ile ya Makumbusho na Turathi ya mwaka wa 2006 inampa waziri uwezo wa kulitangaza jengo katika Gazeti Rasmi la Serikali kuwa mnara wa kihistoria. Katiba ya mwaka wa 2010 imeiachia serikali ya kitaifa minara yenye umuhimu wa taifa, na kuzikabidhi kaunti makumbusho. Basi mwakilishi wetu asitupwe huku na huku kati ya Nairobi na Lodwar, wala asitutupe sisi. Kila upande una sehemu yake.

Mpango wa maendeleo wa kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kila mwaka kabla ya tarehe 1 Septemba, na wananchi wana haki ya kusikizwa. Kila kamati ya kanisa na iandike barua yake mapema, itaje Lokitaung na Lodwar kwa majina, na ibaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.