MCHUZI SI SAMAKI
Mazungumzo juu ya kupika minofu ya ngege nyumbani

(Maneno haya yalisemwa mbele ya akina mama na akina baba siku ya mafunzo ya mapishi. Tunayaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Leo tuzungumze juu ya ngege, samaki wa ziwa letu hapa. Wengi wenu mlizaliwa kando ya maji, huko Uvira, Baraka au Rumonge. Hamhitaji mtu wa kuwafundisha kula samaki. Nimekuja kwa sababu ya jambo moja ambalo naliona katika nyumba nyingi.

Samaki mmoja anaingia nyumbani, nanyi mko watu saba. Baba anapewa kipande cha katikati. Wakubwa wanagawana mkia na kichwa. Mtoto wa mwaka mmoja anapewa mchuzi, na mama anasema, "Nguvu yote ya samaki imo ndani ya mchuzi."

Ndugu zangu, sivyo. Mchuzi una maji, chumvi na ladha. Chakula kinachojenga mwili wa mtoto kimebaki ndani ya mnofu. Tena mchuzi hujaza tumbo lake dogo, na chakula chenyewe kikija hana nafasi tena.

Najua kwa nini mnafanya hivyo. Mnaogopa miiba, na hofu hiyo ni ya haki. Basi dawa yake ni kutoa mnofu kabla ya kupika. Mnofu ni mwembamba, huiva upesi, nanyi mnajua taabu ya kutafuta kuni.

1. Kumchagua samaki

Mtazame macho: yawe angavu, yamejaa, yasiwe yamezama. Fungua mashavu: matamvua yawe mekundu. Bonyeza nyama kwa kidole: irudi mahali pake. Harufu iwe ya ziwa, isiwe ya uvundo. Samaki aliyeoza hasafishwi kwa ndimu wala kwa pilipili. Mwache, hata kama bei yake ni ndogo.

Ukishamnunua, mfunike, mweke kivulini, na umpike mapema. Katika joto, samaki mbichi asikae nje zaidi ya saa mbili.

2. Kutoa mnofu

Nawa mikono kwa sabuni. Tumia maji ya bomba, si maji ya ziwani. Para magamba kutoka mkiani kwenda kichwani. Pasua tumbo taratibu, utoe matumbo bila kupasua nyongo, maana ikipasuka nyama huwa chungu.

Sasa noa kisu chako. Kata nyuma ya shavu mpaka uuguse uti wa mgongo. Laza kisu juu ya uti, ukikate kipande kuelekea mkiani kwa kufuata mfupa. Mgeuze samaki, fanya vilevile upande wa pili. Pitisha kidole juu ya kila mnofu na kung'oa miiba iliyobaki. Mara ya kwanza utaacha nyama nyingi kwenye mfupa. Usihuzunike, haipotei. Kichwa na mifupa vitachemshwa kwa supu ya watu wazima.

Osha kisu na ubao kwa sabuni kabla ya kukatia nyanya au mboga.

3. Njia tatu za kupika

Ya kwanza: katika majani ya mgomba. Mafuta hayahitajiki. Pitisha jani juu ya moto mpaka lilainike. Weka mnofu, chumvi kidogo, kitunguu na nyanya zilizokatwa. Funga vizuri. Weka vijiti au vikonyo vya migomba chini ya sufuria, mimina maji kidogo yasiyofika kwenye kifurushi, funika. Baada ya dakika 20 hivi fungua utazame. Kama unapika viazi, weka kifurushi juu yake, moto mmoja ufanye kazi mbili.

Ya pili: katika mchuzi mzito. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, tia nyanya, ziache ziive mpaka ziwe rojo. Ukipenda, tia lengalenga. Mnofu uingie mwisho kabisa, kwa dakika 8 au 10. Usikoroge kwa nguvu, tikisa sufuria tu. Wengi hutia samaki mwanzoni, naye husagika na kupotea ndani ya mchuzi. Ndipo tunapogawa maji tukidhani tumegawa samaki.

Ya tatu: kukaanga. Futa mnofu uwe mkavu, upake chumvi, uvingirishe katika unga wa mahindi. Mafuta kidogo ya kufunika chini ya kikaango yanatosha. Tupa chembe ya unga: ikichemka na kutoa povu, mafuta yako tayari. Dakika 3 au 4 kila upande. Watoto wakae mbali. Mtoto akiungua, mwagia maji baridi safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke kituo cha afya. Usimpake dawa ya meno wala mafuta.

Kwa njia zote, samaki ameiva pale nyama inapokuwa nyeupe mpaka katikati na kuachana vipande vipande kwa kijiko. Wengine hunyunyiza ndimu na kuona nyama imekuwa nyeupe, wakadhani imeiva. Ndimu hubadili rangi tu, haiui minyoo wala vijidudu. Moto ndio unaoua.

4. Sehemu ya mtoto

Mtoto akitimiza miezi 6, anaweza kula samaki pamoja na kunyonya. Chukua mnofu ulioiva kabla ya kutia pilipili na chumvi. Uponde kwa vidole safi, ukitafuta mwiba kwa mara ya mwisho, maana vidole huona kuliko macho. Changanya na viazi vilivyopondwa, ndizi au uji mzito. Anza na kijiko kimoja, uongeze siku zinazofuata. Akivimba uso, akitoka vipele au akipumua kwa shida, usimpe tena, na mpeleke kituo cha afya mara moja.

Mtu akikwamwa na mwiba, msimwambie ameze tonge la ugali. Tonge huweza kuusukuma mwiba ndani zaidi. Mpelekeni kituo cha afya.

5. Neno kwa akina baba

Najua desturi. Kipande kizuri ni heshima ya baba, nami sikuja kuwavunjia heshima. Lakini tangu mwaka 2023 msaada wa chakula katika makambi ya Uganda umetolewa kwa makundi, na kaya nyingi zimekuwa zikipata pungufu ya zamani. Katika nyumba yenye samaki mmoja, anayeamua nani ale nini ameshika afya ya watoto mkononi.

Mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo wapate mnofu kwanza. Mama peke yake hawezi kubadili jambo hili, maana watasema amemdharau mumewe. Lakini baba akisema, "Mtoto ale kwanza," hakuna atakayebisha. Nayo ni heshima kubwa kuliko kipande cha katikati.

Kumbuka:
– Samaki wa leo aliwe leo.
– Toa mnofu, miiba ibaki kwenye supu ya wakubwa.
– Mnofu uingie sufuriani mwisho, uive mpaka katikati.
– Mtoto apewe samaki, asipewe mchuzi peke yake.

Jioni ya leo, kabla hujapakua, tazama sahani ya mdogo kuliko wote. Kama ina maji tu, rudisha mwiko sufuriani.