Siku 74: Mwenendo wa Mwanaume na Uwezo Wake wa Kuzaa



Katika kliniki za uzazi kuna faili ambalo kila daktari wa fani yangu analifahamu. Ni nene, pembe zimechakaa, na ndani yake mna picha ya mirija ya uzazi, majibu ya homoni ya miaka kadhaa, karatasi za ultrasaundi na vyeti vya dawa za kupevusha mayai. Vyote ni vya mke. Mume ameketi pembeni, na ukimwuliza yeye amepimwa nini, hujibu bila kusita: "Mimi sina tatizo, daktari. Nguvu ninazo."

Jibu hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Nguvu za kiume ni jambo moja, na uwezo wa kuzaa ni jambo jingine. Uume husimama kwa kazi ya mishipa ya damu, neva na hamu. Mimba hutaka mbegu hai, za kutosha, zinazoweza kuogelea. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu tele na manii yake yasiwe na mbegu hata moja, naye asijue, kwa kuwa sehemu kubwa ya manii ni majimaji ya tezi dume na vifuko vya manii. Kwa macho hakuna tofauti. Tofauti inaonekana kwenye hadubini tu.

Mtaani tumeyachanganya mambo haya mawili, na biashara kubwa imestawi juu ya mkanganyiko huo. Supu ya pweza, nazi na karanga, vinavyosifiwa kuongeza nguvu, havina madhara, ni chakula kizuri. Ninachokiogopa ni vidonge na unga usio na jina la mtengenezaji, vinavyouzwa kwa mwanaume anayetafuta mtoto, wakati hata vikimsimamisha usiku kucha haviongezi mbegu.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 hukutana na ugumba katika maisha yake. Katika takriban nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume unahusika, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Basi mke anapozungushwa hospitali peke yake kwa miaka, huku mawifi wakimhesabia miezi, anaonewa.

Mbegu moja hutengenezwa kwa siku zipatazo 74, kisha hukaa wiki moja hadi mbili hivi katika mrija uliojikunja nyuma ya korodani, ikikomaa na kujifunza kuogelea. Kwa ujumla ni karibu miezi mitatu. Manii anayoyatoa mtu leo yanaeleza alivyoishi miezi mitatu iliyopita: homa aliyougua, pombe aliyokunywa, sindano aliyochomwa.

Nianze na sindano, maana hili linanikosesha usingizi. Vijana wanaojenga misuli wanachomwa testosteroni na jamii zake ili wapanuke kifua, na wengi wanaamini kwamba homoni ya kiume ikizidi, uzazi nao unazidi. Ni kinyume kabisa. Korodani hufanya kazi kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo ikikuta testosteroni imejaa kwenye damu, huacha kutuma amri. Korodani zikikosa amri huacha kutengeneza testosteroni yake ya ndani, ambayo kwa kawaida huizidi kwa mbali ile ya kwenye damu, na bila hiyo mbegu hazikui. Korodani zenyewe husinyaa. Mwanaume anatuna mabega huku akikauka kule anakotegemea kupata watoto.

Hili lilithibitishwa kwa makusudi. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Shirika la Afya Duniani, ambamo wanaume 271 wenye afya njema walichomwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki. Kati yao, 157 walifikia kutokuwa na mbegu hata moja, na katika mwaka waliotegemea sindano hizo pekee kuzuia mimba, ilipatikana mimba moja tu. Watafiti walikuwa wanatafuta dawa ya uzazi wa mpango! Mtu akiacha, mbegu hurudi kwa wengi, lakini huweza kuchukua miezi sita, mwaka, au zaidi. Kijana anayetaka kuoa aambiwe haya kabla ya sindano ya kwanza, na walimu wa mazoezi wawe wa kwanza kumwambia.

Sigara huharibu kwa njia nyingine. Ili iwe nyepesi, mbegu hutupa karibu vyote vilivyokuwa ndani yake, ikabaki kichwa chenye vinasaba na mkia, kama msafiri aliyetupa mizigo pamoja na vifaa vya kutengenezea gari lake. Kemikali za moshi zikiishambulia, haina cha kujitibia. Hivyo wavutaji huwa na mbegu chache zaidi, zinazokwenda kwa uvivu, na vinasaba vilivyokatikakatika. Shisha nayo ni moshi wa tumbaku, hata ikinukia tufaha. Pombe nyingi hushusha testosteroni. Kitambi kikubwa hugeuza sehemu ya homoni ya kiume kuwa estrojeni, maana kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kimejaa kwenye mafuta ya mwili.

Kuna pia joto. Korodani zimewekwa nje ya tumbo kwa sababu zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Watafiti wa Toulouse, Ufaransa, walipima wanaume wakiendesha gari, wakaona joto la korodani likipanda kwa karibu nyuzi 2. Huko Boston, utafiti wa wanaume 656 uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta wanaovaa chupi pana wana msongamano wa mbegu uliozidi kwa asilimia 25 ule wa wanaovaa za kubana. Kubadilisha chupi ni rahisi. Lakini dereva wa lori anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, au mwoka mikate anayesimama mbele ya tanuri tangu saa nane usiku, tutamwambia nini?

Hapa naomba tuwe waangalifu. Tukisema "mwenendo wa maisha" kana kwamba kila mtu amejichagulia, tutautoa mzigo wa lawama kwa mke na kumtwisha mume. Mwaka 1977, katika kiwanda cha viuatilifu cha Lathrop, California, wafanyakazi wanaume walipozungumza wenyewe kwa wenyewe waligundua kwamba miongoni mwao watoto hawazaliwi. Walipimwa, na wengi wakakutwa na mbegu chache sana au bila mbegu kabisa. Sababu ilikuwa DBCP, dawa ya kuua minyoo ya udongo. Dawa hiyohiyo ilikuwa imepelekwa kwenye mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati, na huko pia wanaume wengi walikosa uzazi. Si sigara wala pombe iliyowafikisha hapo, ni kazi yao. Ninapomwona kijana wetu akipulizia nyanya, bomba mgongoni linavuja, suruali imelowa hadi mapajani, hana glavu wala barakoa, nawakumbuka watu wale. Mwajiri anayempa bomba bila kumpa vifaa vya kujikinga anamdai zaidi ya nguvu zake.

Ombi langu kwa wizara, hospitali na ndoa zote ni moja: kipimo cha manii kifanyike mapema, pamoja na vipimo vya kwanza vya mke. Hakihitaji kisu wala ganzi. Mume ajizuie siku 2 hadi 7, atoe kwenye kikopo safi, kifike maabara ndani ya saa moja. Apewe chumba chenye kitasa, si choo cha wagonjwa. Majibu yakiwa mabaya, daktari amchunguze kama ana mishipa iliyovimba kwenye korodani au maambukizi ya zamani ya kisonono na klamidia, ambayo huziba njia za mbegu na hayaondoki kwa kuacha sigara. Kisha aandikiwe tarehe ya kurudia kipimo, miezi mitatu mbele, na siku hiyo waje wote wawili.