Mkono Tumboni, Macho kwenye Saa



Mwanafunzi wa ukunga anaweza kuijaza patografu darasani bila kosa, kisha akifika leba akaijaza mama akiwa ameshajifungua. Hata mimi nilifanya hivyo. Karatasi inapendeza, lakini haikumsaidia mtu.

Kwa hiyo nafundisha kwa mikono. Weka kiganja tumboni dakika 10, hesabu uchungu umekuja mara ngapi. Kila nusu saa sikiliza moyo wa mtoto. Ukipiga chini ya 110 au juu ya 160 kwa dakika, mwite mkubwa wako. Njia ipime kila baada ya saa 4. Andika papo hapo.

Mstari wa tahadhari na ule wa kuchukua hatua umeachana kwa saa 4. Philpott na Castle waliiweka nafasi hiyo mwaka 1972, huko Zimbabwe ya leo, ili mama wa zahanati ya mbali awahi hospitali. Kwa barabara yetu wakati wa masika, mwanafunzi akichelewa kuandika, saa hizo zimekwisha.

Naomba mdoli wa kufundishia na saa za mkononi zenye mshale wa sekunde. Msiniambie simu zina saa. Umeme wetu mnaujua.