Pointi tano za Jérémie



Mulituomba tuseme juu ya kura, na sisi tutaanza na mambo ya muziki. Musicheke. Tarehe 14 ya mwezi wa tano 2022 tulikusanyika kwa nyumba moja hapa Goma kuangalia fainali ya Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya inchi za Ulaya. Ilifanyika Torino, Italia. Mutu wa Goma hana kazi ya kugeuza saa: wakati ule wa mwaka saa yao ni saa yetu. Tulichanga franga za mega, tukaunganisha telefone na televizyo, na mwenzetu mumoja akaleta chaki na kipande cha ubao. Ile chaki tutairudilia.

Kwa kweli hatukukesha juu ya Ulaya. Tulikesha juu ya Jérémie Makiese, kijana wa miaka 21 mwenye asili ya Kongo, golkipa wa mpira, aliyezaliwa Antwerpen na aliyebeba siku ile bendera ya Ubelgiji. Wakubwa kati yetu walikumbuka tena Jessy Matador, mutoto wa Kinshasa, aliyeimbia Ufaransa kule Oslo mwaka 2010 akatoka wa 12. Basi tulikuwa na wetu.

Nyimbo zilikuwa 25. Wanorwe walipanda wamevaa vichwa vya mbwa mwitu vya rangi ya manjano, hapo hatuna la kusema. Mwanamuke wa Serbia aliimba akinawa mikono ndani ya beseni, na mutu mumoja akauliza kama naye alipita mbele ya waganga wa Ebola. Jérémie aliimba vizuri. Sauti iko, hata wale wanaopenda kupinga kila kitu walinyamaza.

Kisha njo hesabu ikaanza. Mwaka ule nusu ya pointi ilitoka kwa juri, watu watano wanaojua muziki kwa kila inchi. Nusu ingine ilitoka kwa watu wa kawaida wanaopiga kwa telefone. Inchi 40 zilichagua. Juri zilimupa Jérémie pointi 59. Tukapiga makofi, chaki ikaandika. Watu wa kawaida wakamupa 5. Tano! Nyumba ikawa kimya. Akatoka wa 19, na kijana mumoja akasema neno tunalolijua wote hapa: «Wametuiba.»

Lakini hapana, hawakutuiba. Tulikaa chini, tukasoma sheria zao. Ya kwanza: inchi haijipigii kura. Maana yake, Wakongomani wa Ubelgiji, wale wote wa Matonge pale Bruxelles, hawakuwa na ruhusa ya kumuchagua, juu aliimbia inchi wanamoishi. Ya pili ni kali zaidi. Kila inchi inahesabu kura za watu wake, kisha inapatia pointi nyimbo kumi tu. Ukiwa wa 11 haupate kitu. Tuseme watu wetu wa Paris wamemupigia, na wa London, na wa Stockholm, na kila mahali ametoka wa 11 ao wa 12: kura zile zote zimekufa kila moja kwenye inchi yake. Zilikuwa kura za kweli, watu walilipa, lakini kwa ubao hazionekani. Pale tulikaa muda mrefu, juu kati yetu kulikuwa wengi ambao hawakuwa wamefikiria namna kura nyingi zilizotawanyika zinaweza kuwa sifuri bila mutu yeyote kuiba.

Ukraine ndiyo ilishinda. Kwa juri walikuwa wa ine, na pointi 192. Watu wakawapa 439, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana bado, na jumla ikawa 631. Vita kwao ilikuwa ya miezi karibu mitatu. Urusi ilifukuzwa kwenye mashindano tarehe 25 ya mwezi wa pili, siku moja tu kisha kuingiza jeshi.

Hapo musichana mumoja wa Beni akasema: «Kwetu watu wanachinjwa tangu 2014. Nani alitutumia hata sms moja?» Hakuna aliyemujibu mbio. Hatukuwaonea Waukraine wivu, mutu aliyekimbia masasi anajua masasi. Lakini yule mwimbaji wao, kisha wimbo, alitaja Mariupol pale pale jukwaani, mbele ya mamilioni ya watu. Wengine kati yetu wakasema Jérémie naye angetaja Beni. Wengine: mwacheni, mutoto alienda kuimba, tena kwa bendera ya wengine, musimubebeshe muzigo wa inchi ambayo hata hakuzaliwa ndani. Hadi leo hatujasikilizana juu ya hilo. Mwezi moja kisha, tarehe 13 ya mwezi wa sita, Bunagana ikaanguka.

Sasa ile chaki. Kisha fainali walitoa karatasi yote kwa intaneti: kila inchi, kila juri, kila pointi. Yule aliyesema «wametuiba» akachukua ubao, akahesabu kutoka juu. 59. 5. Ikatoka ileile. Tena kulikuwa juri sita ambazo kura zao zilionekana zimepangwa, na wenye mashindano walizitosha, kisha wakazitaja: Azerbaijani, Georgia, Montenegro, Poland, Romania, San Marino. Kwa wimbo tu, wandugu! Sisi wa 2018, tulioomba matokeo ya kila biro tusiyaone, tuliokuwa na ndugu wa Beni na Butembo walioambiwa siku ine mbele ya kura kwamba hawatachagua pamoja na wengine, wakapanga mistari yao wenyewe tarehe 30 ya mwezi wa 12 wakachagua kwa karatasi za kujitengenezea, tuliangalia ile karatasi ya Eurovision mara mbili, mara tatu.

Tangu 2023 wanapokea kura za dunia ingine, sisi pia. Dunia yote isiyoshiriki, Goma, Lagos, Rio, wanaiweka ndani ya mufuko mumoja, na mufuko ule una uzito sawa na kura za watu wa kawaida wa Malta, kisiwa kisichofika watu wa muji wetu. Ni kidogo, lakini tulitaka kujaribu. Inaomba karte ya benki na karibu euro moja kwa kila kura. Kati yetu hakuna aliyekuwa na karte. Tukapata yaya mumoja aliye nayo, akakubali, akatuuliza: «Mara ngapi, na juu ya nani?» Juu ya nani, tukaanza kubishana, na saa ya kura ikapita.