Haja ni ya Mtu, Hatia ni ya Mtu: Utu katika Maisha ya Kila Siku Bunia

(Mada iliyotolewa katika semina ya walimu, wauguzi na wakubwa wa kartie)



Waliokuwa Bunia mwaka 2003, wakati wa vita, wanalikumbuka swali la kwenye bariera: wewe ni kabila gani? Jibu lilitosha kumpitisha mtu au kumuua. Hakuna aliyeulizwa kazi yake, wala watoto aliowaacha nyumbani, wala wema aliowahi kumtendea mwingine. Naanza na swali hilo kwa sababu falsafa ya utu, ninayotaka tuitazame leo, inalikataa. Inataka tumwone kwanza mtu mwenyewe na hali yake. Kabila, dini na chama vitakuja baadaye, na mara nyingi havitahitajika kabisa.

Wengine wameijengea falsafa hii misingi yao. Kenneth Kaunda, mtoto wa mchungaji, aliifanya itikadi ya taifa la Zambia mwaka 1967. Kule Kasese, Uganda, wapo wasiotegemea dini yoyote ambao wamefungua shule kwa jina la falsafa hii. Muumini haachi kanisa wala msikiti ili aishi kwa utu. Asiyeamini naye hazuiwi.

Hapa Kongo jina linalotajwa mara nyingi ni la padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga na kutoa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu mwaka 1945. Tangu hapo wengi wametafuta utu ndani ya Ubantu. Kwa mkoa wetu wa Ituri, naona njia hiyo haitufikishi. Lugha za Walendu, Waalur na Walugbara si za Kibantu. Nani atathubutu kusema utu wao ni wa kuazima? Tena Wahema wa kaskazini, wale Wagegere, husema Kilendu kama majirani zao. Ugomvi wa mashamba ulipogeuka vita kati yao huko Djugu mwaka 1999, muuaji na aliyeuawa waliweza kuelewana kila neno. Kama kufanana kungetosha kutulinda, Djugu ingekuwa na amani. Tunahitaji utu usiongoja kufanana.

Utu wa namna hiyo nimeuona zaidi katika kazi kuliko katika vitabu. Mwaka 1859, baada ya mapigano ya Solferino kule Italia, Henry Dunant aliona wanawake wa mji wa jirani wakiwahudumia majeruhi wa pande zote bila kuchagua. Kutokana na jambo hilo lilizaliwa, mwaka 1863, shirika la Msalaba Mwekundu, na kanuni yake kwamba msaada hupimwa kwa haja peke yake. Anayevuja damu zaidi hutangulia. Kanuni hiyo Ituri tumeilipia: tarehe 26 Aprili 2001, wafanyakazi sita wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu waliuawa kaskazini ya Bunia wakiwa kazini. Wanne kati yao walikuwa Wakongomani. Mwezi Septemba 2002 yakafuata mauaji ya hospitali ya Nyankunde, ambako swali la bariera liliingia hadi wodini, na wagonjwa wakauawa vitandani kwa ajili ya kabila lao. Wauguzi mlio hapa mnajua kwamba hospitali ile imerudi kutibu watu. Kila anayepokelewa pale kwa ugonjwa wake tu, bila kuulizwa ni wa nani, anaonyesha kwamba swali lile halikushinda.

Halafu ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, ikiacha wafu 2,287 katika Kivu Kaskazini na Ituri zaidi. Mwanzoni familia nyingi zilipinga timu za mazishi, na sioni kuwa ulikuwa ujinga. Kumchukua mpendwa wa watu ndani ya mfuko bila kwaheri ni kumfanya takataka. Upinzani ulipungua pale jamaa waliporuhusiwa kusimama karibu, kusali na kujua kaburi liko wapi. Sayansi ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza; ilikosa kumheshimu mfiwa, na kwa kukosa hilo ikakosa kusikilizwa.

Hadi hapa nimesema juu ya haja; upande wa pili ni hatia. Wapo wanaodhani utu ni kusahau, kufunika damu kwa majani. Hapana. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya La Haye ilimtia hatiani Thomas Lubanga mwaka 2012 kwa kuwatia watoto jeshini, Germain Katanga mwaka 2014 kwa shambulio la Bogoro, na Bosco Ntaganda mwaka 2019. Mathieu Ngudjolo aliachiliwa mwaka 2012. Tunaweza kubishana juu ya kila kesi, lakini tuangalie namna zilivyofanyika: kila mtu alisimama kwa jina lake, kwa tendo lake, na ushahidi wake ukapimwa. Hakuna kabila lililopanda kizimbani. Basi mwalimu anayesikia mtoto akimwambia mwenzake darasani "ninyi ndio mliua babu yetu" ana kazi kubwa kuliko somo la hesabu la asubuhi ile. Asimnyamazishe yule mtoto. Babu aliuawa kweli, na hilo litamkwe. Kisha aulize: huyu aliye kwenye benchi lako alikuwa amezaliwa?

Sitawaficha kwamba njia hii ina gharama. Tangu mwisho wa 2017 machafuko ya Djugu yamewaleta wadeplase wengi mjini, kwenye masaiti kama Kigonze na ndani ya nyumba zetu. Mkubwa wa kartie anayegawa msaada kwa haja ataitwa msaliti na watu wa kwao, na pengine atatishwa. Hawezi kuubeba mzigo huo peke yake. Lazima wawepo wenzake watatu au wanne waliokubaliana mapema kumsimamia hadharani.

Kwa hiyo tukigawanyika katika vikundi, naomba kila mmoja aeleze daftari analolitumia kazini: la wagonjwa, la wanafunzi, la wadeplase. Kama lina safu ya kabila, kikundi kiulize inamsaidia nani, nani anaisoma, na itamfanyia nini mwenye jina siku bariera zikirudi.