Sabuni ya Kunyolea Inapochoma Kidevu

Msikilizaji wa Mailimoja, Kibaha, na wewe wa Maneromango kule Kisarawe: sabuni ya kunyolea uliyopika nyumbani inawasha kidevu? Usikimbilie kuulaumu wembe. Huenda kostiki soda imezidi mafuta.

Vaa glavu, kata kipande. Vishimo vyenye majimaji au chenga nyeupe ndani ni dalili mbaya. Unga mweupe wa juu tu mara nyingi ni aina ya magadi, hauna neno.

Sasa fungua daftari la vipimo. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huhitaji kostiki gramu 183 hivi. Uliweka 200? Hizo 17 zilizozidi zinadai mafuta ya nazi gramu 93. Weka 120, ngozi isikauke. Kwangua sabuni, tia maji kidogo na mafuta hayo, pika kwa moto mdogo ukikoroga. Sufuria ya alumini hapana, kostiki huila. Ndimu nayo hapana, japo jirani atakushauri: huivunja sabuni.

Kama ulipima kwa kukadiria, itupe, usimuuzie kinyozi. Na kostiki ikikurukia, jimwagie maji mengi kwa dakika 20, kisha nenda zahanati.